Breka Ikishuka, Usikimbilie Kubwa Zaidi

Ukirudi nyumbani likizo na watu wanajua unasoma chuo kikuu, umeme ukizima kila mtu anakugeukia wewe. Hawajali kama unasoma sheria au ualimu. Desemba, nyumbani Madibira, asubuhi ya kipaimara cha mdogo wangu, nyama ilikuwa kwenye jiko la umeme, birika linachemsha maji ya chai, na shangazi anapiga pasi. Ghafla soketi zote zikafa, ila taa zinawaka. Mjomba akasema, "Msomi, hii breka imechoka. Kanunue kubwa tufunge." Nusura niende dukani.

Breka haikuwa imechoka. Hebu tupige hesabu. Jiko wati 2,000, birika 2,200, pasi 1,200, jumla 5,400. Gawanya kwa volti 230 za umeme wa nyumbani, unapata karibu ampia 23.5. Breka ya soketi zile imeandikwa usoni 16. Taa zilibaki kwa sababu zina breka yake.

Ndani ya breka kuna walinzi wawili. Wa kwanza ni kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja: mzigo ukizidi kinapata joto, kinajikunja na kukata umeme. Huyu hana haraka, ndiyo maana inaweza kuchukua dakika kadhaa. Wa pili ni sumaku, ambayo hukata papo hapo nyaya zikipiga shoti.

Sasa fikiria tungefunga breka ya 40. Waya uliomo ukutani ni ule ule mwembamba. Mzigo ukizidi, breka inanyamaza, waya unachemka, plastiki yake inayeyuka, na moto unaanzia darini usikokuona. Ukubwa wa breka hufuata unene wa waya, haufuati wingi wa vyombo ulivyonunua.

Kwa hiyo breka ikishuka, fanya hivi. Kwanza angalia kama majirani wana umeme na kama LUKU ina yuniti. Vaa viatu, hakikisha mikono ni mikavu, washa tochi ya simu. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukuta una maji, au meni swichi ni ya moto, usiguse, mwite fundi.

Kama hakuna dalili hizo, chomoa kila kitu kwenye soketi zilizokufa. Subiri dakika chache breka ipoe. Ishushe hadi chini kabisa, kisha ipandishe. Ikiwa imesimama katikati, kuisukuma juu tu hakutoshi. Ikikaa, chomeka chombo kimoja kimoja. Kikishuka na pasi peke yake, basi pasi ndiyo mgonjwa. Vikikubali kimoja kimoja lakini vikikataa vyote pamoja, ni mzigo. Ikishuka bila kitu chochote kuchomekwa, tatizo liko kwenye nyaya. Iache chini, uite fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo kishoka. Na usiifunge kwa mpira au kijiti ili isishuke, jamani.

Kuna pia ile yenye kitufe cha T. Hiyo inapima umeme unaovuja, na za nyumbani nyingi hukata kwenye miliampia 30. Ikishuka mara kwa mara, hasa msimu wa mvua, huenda kuna waya uliolowa au chombo kinachopiga shoti kwenye bodi lake. Yenyewe inalinda mwili wako, kwa hiyo usikubali fundi airuke.

Sisi tulihamishia chai kwenye jiko la mkaa. Jiko la umeme na pasi vikabaki, wati 3,200, chini ya 3,680 ambazo breka ya 16 inaweza kubeba. Shati la mdogo wangu likanyooka, nyama ikaiva, na kanisani tukawahi. Mjomba bado ananiita fundi, ingawa nilichofanya ni kujumlisha na kugawanya tu.