Namna ya Kuwasilisha Mapendekezo ya Kuboresha Mfumo wa TAUSI

Leseni za biashara za kundi B, ambazo hutolewa na halmashauri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, huombwa kupitia mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Mwombaji hujisajili kwa namba yake ya NIDA na huingiza namba ya mlipakodi. Ombi likikubaliwa hupewa kumbukumbu namba ya malipo, na akishalipa huchapa leseni yake.

Kwa mkazi wa Msala au Kiongoroni, utaratibu huu una manufaa makubwa, kwa kuwa safari ya kwenda Kibiti mjini humlazimu kusubiri maji yajae, kupanda boti na kisha gari. Manufaa hayo hupotea pale mwombaji anapokwama katikati ya fomu. Hapo hulazimika kusafiri, au humkabidhi mtu mwingine nywila yake, jambo ambalo ni la hatari.

Kila mtumiaji anaweza kuchangia maboresho, ila kusema tu kwamba “mfumo unasumbua” hakumwonyeshi mtaalamu mahali pa kurekebisha. Tuseme mfanyabiashara wa kambamiti anajaza fomu kwa simu, mtandao unakatika, na akirudi anakuta nafasi zote tupu. Pendekezo lake lingeweza kuwa hili: “Mfumo uhifadhi taarifa katika kila hatua, ili mtandao ukirejea mwombaji aendelee alipoishia.”

Pendekezo linalofanyiwa kazi kwa urahisi hutaja mambo manne:

1. Hatua ambayo mtumiaji alikwama.
2. Maneno yaliyotokea kwenye skrini, yakinukuliwa kama yalivyo.
3. Kifaa alichotumia, siku na saa.
4. Mabadiliko anayoyaona yanafaa, na sababu yake.

Ni vyema pia kutofautisha tatizo la ombi moja na kasoro ya mfumo mzima. Ombi lililochelewa au taarifa iliyokosewa huanzia kwa Afisa Biashara wa Halmashauri. Lugha isiyoeleweka, maandishi yasiyosomeka kwenye simu ndogo au hatua zinazojirudia ni masuala ya muundo wa mfumo, na huhitaji kuwafikia wanaousimamia.

Mapendekezo ya aina hiyo yanaweza kutumwa kupitia e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea malalamiko, mapendekezo, maulizo na pongezi za wananchi. Asiye na simu janja anaweza kuufikia kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Mtumaji asiandike nywila yake katika pendekezo lolote, wala asimpe mtu mwingine. Kwa upande wa ada, malipo yote hufanyika kwa kumbukumbu namba iliyotolewa na mfumo, si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu.