Bustani ya Umma Ikatwe Wapi? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi kata za pembeni mwa Bukoba, kama Rwamishenye na Nshambya, zinavyogeuka kutoka migomba na kahawa kuwa mitaa ya nyumba zilizobanana. Leo tuingie kwenye swali gumu: bustani ya watu wote ikihitajika huko, ardhi itoke wapi?

Mhaya anazijua ardhi mbili. Kibanja ni cha ukoo: migomba, mibuni, na makaburi ya wazee humohumo. Rweya ni mbuga ya nyasi, mali ya kijiji kizima. Huko watu walichunga ng'ombe na kukata nyasi za kuezekea na za kutandaza kibanjani. Piga jembe kibanjani, utainua udongo mweusi uliolishwa samadi kwa vizazi. Vuka ua uingie rweya, jembe linagonga changarawe. Mvua ya Bukoba, kama milimita 2,000 kwa mwaka, imekwisha kuosha rutuba.

Basi mji ukikua, upimaji huanzia rweya. Haina mgomba wa kulipia fidia wala kaburi la kuhamisha. Kwa mhasibu ni hesabu safi. Kwa mpanga miji ni hasara, maana kinachokatwa viwanja ndicho kilichokuwa cha wote tangu zamani. Halmashauri ikija kukumbuka bustani, vimebaki vibanja tu. Hapo Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka, na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 nayo ina taratibu zake. Fedha zikipatikana, bado kuna shangazi wa ukoo, na huyo hasomi Gazeti la Serikali.

Nafuu ya Bukoba ni Mto Kanoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukanda huo ukiachwa nyasi, miti na njia ya miguu, mto ukifurika hautakuta vitanda vya watu. Palipoinuka ipandwe misizi, mti ambao jina lake la kisayansi linamkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890.

Mji jirani wa Muleba bado una nafasi ya kuepuka kosa hilo la Bukoba. Eneo la wazi lichorwe kwenye ramani kabla ya kiwanja cha kwanza kupimwa, liwekewe bikoni na hati. Lisilo na hati huamka asubuhi likiwa gereji.

Juma lijalo: nani atafyeka nyasi, na kwa fungu lipi.