Samaki Apendwaye: Maneno na Desturi za Wavuvi wa Mwanza

Mtu afikaye Mwanza kwa mara ya kwanza, akiuliza, "Katika ziwa hili samaki gani aliye bora?" hapati jibu moja. Mama apikaye atamwambia ni sato. Mvuvi mwenye mashua atamwambia ni sangara. Mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi pengine atanyamaza kidogo, kisha atataja ningu au furu, samaki ambao wajukuu wake hawawajui vizuri. Na wote watatu wasema kweli. Maana neno kupenda, likitumiwa kwa samaki, lina maana zaidi ya moja. Yuko samaki apendwaye na kinywa, yuko apendwaye na ndoano, na yuko apendwaye na soko. Katika maelezo haya twataka kuyapambanua mapendeleo hayo matatu, na kuonyesha jinsi lile la soko lilivyoyashinda mengine mawili, hata maana za maneno zikabadilika pamoja nalo.

I. Maneno ya mwaloni

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na karibu nusu yake imo katika Tanzania. Ingawa ni kubwa hivyo, si lenye kina kirefu. Mahali penye kina kuliko pote hapafiki mbali kupita meta 80. Wasukuma, ambao nchi yao yazunguka Mwanza, tangu zamani ni wakulima na wafugaji. Lakini wale wakaao kando ya maji ni wavuvi pia, pamoja na Wakerewe na Wakara wa visiwani, na Wajita na Wazinza wa pande mbili za ziwa.

Msomaji aliyezoea Kiswahili cha pwani atakutana hapa na maneno mageni kwake. Mahali mashua zinapopandishwa na samaki kushushwa, ambapo pwani huitwa diko, hapa ni mwalo, na wingi wake ni mialo. Soko kubwa la samaki wakavu katika mji wa Mwanza, lililoko Kirumba, lajulikana kwa jina hilohilo: Mwaloni. Lakini neno kitoweo lina nguvu ileile huku na huku. Kitoweo ni kile kinachofanya ugali upite kooni, na nyumba isiyo na kitoweo yahesabiwa kuwa imelala njaa ijapokuwa unga umo. Kwa hiyo, kuuliza samaki gani apendwaye si kuuliza habari ya anasa, bali habari ya chakula cha kila siku.

II. Apendwaye na kinywa

Sato ndiye samaki wa heshima. Nyama yake ni nyeupe, mchuzi wake ni mtamu, wala hana mafuta mengi ya kumchosha mlaji. Mgeni akifika, ni vizuri apikiwe sato mzima, mwenye kichwa chake na mkia wake.

Lakini hapa pana jambo ambalo mtafiti wa lugha hana budi kuliangalia. Sato waliyemla wazee siye sato aliyeko sokoni leo. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilizunguka ziwa akiuchunguza uvuvi, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1929. Yeye ndiye aliyempa sato wa zamani jina la kitaalamu, Tilapia esculenta. Na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "afaaye kuliwa". Siku hizi wataalamu humwita Oreochromis esculentus. Hata wakati ule Graham alikuta samaki huyo amekwisha kupungua katika sehemu nyingine, kwa sababu ya nyavu za kigeni zilizoanza kuingia ziwani karibu na mwaka 1905. Akashauri matundu ya nyavu yasiwe madogo kuliko inchi 5, ili samaki apate kuzaa kabla ya kunaswa.

Katika miaka ya 1950 samaki wa jamaa moja na sato waliletwa kutoka maji mengine wakatiwa ziwani, ili kuongeza mavuno. Mmoja wao, Oreochromis niloticus, alikuwa mkubwa zaidi na mwenye kustahimili zaidi, akakishika kiti cha mwenyeji. Sato wa zamani karibu ametoweka katika ziwa kubwa. Amesalia katika maziwa madogo ya kando, kama vile Kanyaboli katika nchi ya Kenya. Watu wa Mwanza hawakumtafutia mgeni yule jina jipya, bali walimwita sato vilevile. Jina limebaki, mwenye jina amekwenda. Hivyo kijana na babu yake wakisema, "Sisi twapenda sato," wadhani wanapatana, kumbe kila mmoja ana samaki wake moyoni.

Baada ya sato, wazee humtaja ningu. Huyu ni samaki ambaye wakati wa mvua huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga mayai. Watu walimngojea kama mkulima angojeavyo mavuno, wakatega migono na kumkausha kwa moshi. Na mayai yake nayo yaliliwa. Lakini nyavu zilipotandwa midomoni mwa mito, waliokuwa wakipanda kuzaa walinaswa kabla ya kuzaa, na ningu akawa adimu.

Kinywa nacho kina miiko yake. Kamongo ni samaki mrefu kama nyoka, apumuaye hewa kama mnyama wa nchi kavu. Maji yakikauka hujizika katika matope akingoja mvua. Wako wamsifuo kwa nyama yake nene isiyo na miba midogo mingi. Lakini kwa makabila kadha wa kadha kando ya ziwa, wanawake hawakuruhusiwa kumla. Katika Buganda huitwa mmamba, naye ni mwiko wa ukoo mkubwa uitwao kwa jina lake. Watu wa ukoo huo, wanaume kwa wanawake, hawamli. Basi twaona kwamba kupenda samaki si kazi ya ulimi peke yake. Ukoo na desturi hukaa mezani pamoja na mlaji.

III. Apendwaye na ndoano

Mvuvi wa mshipi ana hesabu nyingine. Yeye hampendi samaki kwa utamu wake kwanza, bali kwa jinsi alavyo chambo. Sato, ingawa ni mfalme wa chungu, si mtumwa wa ndoano. Chakula chake hasa ni mimea midogo ya majini na vidudu, kwa hiyo huvuliwa zaidi kwa nyavu. Watoto wakaao ukingoni wenye fimbo, uzi na nyungunyungu humpata mara mojamoja tu.

Samaki wa watoto alikuwa furu. Furu ni samaki mdogo, aghalabu hapiti urefu wa kiganja cha mkono, na dume lake hung'aa rangi nzuri, nyekundu, buluu au manjano. Jike huyalea mayai na watoto wake ndani ya kinywa. Hakuna mtoto wa mwaloni aliyeona haya kurudi nyumbani na furu kumi katika utepe wa nyasi. Kwa ugali wa jioni walitosha.

Mtu mzima aliwataka samaki wenye nguvu: kambare, hongwe, na kamongo. Hao hula nyama, tena hula usiku, na ndoano zao hutegwa jioni na kutazamwa alfajiri. Kamongo humpendeza mvuvi na kumwogofya pamoja, kwa kuwa meno yake yaweza kumwumiza mtu hata akiwa amekwisha kutiwa ndani ya mtumbwi. Gogogo naye huingia ndoanoni bila kualikwa. Ana miiba migumu, na akitolewa majini hutoa sauti.

Leo apendwaye na ndoano kupita wote ni sangara. Hukamatwa kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi, na chambo chake ni samaki wadogo, kama furu au watoto wa kambare. Sangara mkubwa huweza kupita urefu wa mtu na kufika kilo 200, ingawa wa namna hiyo ni nadra. Kwa ajili ya nguvu zake wageni hufika kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, wapate kushindana naye kwa mshipi kwa burudani tu. Mvuvi wa Mwanza huona ajabu mtu kulipa fedha ili achoshwe na samaki, kisha amwachilie aende zake.

IV. Apendwaye na soko

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Asili yake ni maji ya Naili, na Ziwa Albert ni mojawapo ya makao yake. Aliletwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akaongezwa mwaka 1962 na 1963, na wataalamu wa siku zile hawakupatana: wengine walisema atageuza samaki wadogo wasio na bei kuwa nyama yenye bei, wengine waliogopa kwamba atawamaliza. Hata jina lake lafanana na jina la ugenini, kwa maana katika Ziwa Tanganyika samaki wa jamaa yake huitwa sangala. Wajaluo humwita mbuta, na Waganda mputa.

Ili tufahamu lililotokea, yatupasa kumrudia furu. Wachunguzi walipopima samaki wa ziwa kati ya mwaka 1969 na 1971, waliona kwamba kama sehemu nne katika tano za uzito wa samaki wa chini ya maji zilikuwa furu. Mwaka 1976 kiwanda kilianza kazi Mwanza kuwasaga furu wawe chakula cha mifugo. Mwaka uliofuata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa ghuba ya Mwanza, wakakuta namna nyingi zisizo na majina. Walikuwa bado wanahesabu, ndipo sangara alipoongezeka, katika miaka ya 1980, na furu wakatoweka machoni pao. Yakadiriwa kwamba ziwa lilikuwa na namna zaidi ya 500 za furu, na kama 200 zimepotea. Si sangara peke yake aliyefanya hayo. Nyavu, na uchafu wa maji uliozidisha mimea na kupunguza hewa, vilisaidia. Namna kadhaa zimerudi tangu miaka ya 1990, lakini si zote.

Mwanzoni kinywa kilimkataa sangara. Watu walisema ana mafuta mno. Wala hakukauka vizuri juani kama samaki wengine. Ilibidi akaangwe au akaushwe kwa moshi, na kwa hiyo kuni nyingi zikakatwa. Lakini soko halikuuliza kinywa. Katika miaka ya 1990 viwanda vilijengwa Mwanza, na minofu ya sangara ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Mwaka 1999 Ulaya ilipoyafungia mlango kwa muda mazao ya ziwa hili, kwa habari za sumu iliyotumiwa katika uvuvi, mialo ilitetemeka, maana riziki ya wengi ilikuwa imefungwa katika samaki mmoja.

Biashara hiyo ilizaa maneno. Minofu ikiisha kutolewa, kichwa na mifupa vilivyobaki huitwa mapanki, navyo hukaangwa na kuuzwa kwa watu wasioweza kununua samaki mzima. Mfuko wa hewa ulio tumboni mwa sangara ni bondo, na mabondo huuzwa kwa bei kubwa kwa wafanyao biashara na Uchina. Tazama basi ajabu ya lugha: samaki mmoja amegawanywa majina kwa kadiri ya wanunuzi wake. Mnofu ni wa mbali, bondo ni la mbali zaidi, na panki ni la jirani.

V. Neno la mwisho

Kitoweo cha watu wengi sasa ni dagaa, samaki mdogo wa rangi ya fedha, avuliwaye usiku wa giza kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Sasa nyingi hutumia nguvu za jua. Dagaa hatajwi mtu anapoulizwa samaki bora, lakini kwa uzito yeye ndiye avuliwaye kuliko wote, na kutoka Mwaloni hupelekwa hata Kongo. Yeye amekishika kile kiti kilichokuwa cha furu: samaki wa asiye na fedha nyingi.

Watu wa pwani husema, "Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo." Vivyo hivyo mzee wa mwaloni ndiye ajuaye namna za furu zilizokuwapo, na jina la kila moja, na mwamba ilipokaa. Tukimsikia akisema kwamba samaki wa siku hizi hawana ladha, tusimcheke kana kwamba ni masikitiko ya uzee tu. Tumekwisha kuona kwamba sato wake hasa si huyu wetu. Yafaa wasomaji wetu wakaao kando ya ziwa wakae na wazee hao, waandike majina ya samaki, ya mitego na ya miiko, pamoja na kijiji ambako kila jina lilisikiwa. Furu aliyepotea hatarudishwa kwa kalamu. Lakini jina lake likihifadhiwa, watoto wetu watajua angalau kwamba ziwa lao halikuwa siku zote ziwa la samaki watatu.