Mali Bila Daftari: Kuyafuatilia Majibu ya Maabara Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna upasuaji wenyewe unavyofanywa, kisha tukaingia jikoni kwa mgonjwa katika wiki zake za uji mwepesi na supu. Leo tunageukia jambo lisiloonekana kwenye mizani wala kwenye kioo. Jambo hilo ni damu, na karatasi ya majibu inayotoka maabara.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyefanyiwa upasuaji huu anayo mali yake mwilini: madini ya chuma, vitamini B12 iliyohifadhiwa kwenye ini, kalsiamu iliyo ndani ya mifupa, vitamini D. Kila siku mwili huchota humo, huku mlango wa kuingizia ukiwa umepunguzwa makusudi. Asipoandika, akiba itakwisha wakati huohuo anaposifiwa mtaani kwa kupungua na kupendeza.

Tukumbushane kwa ufupi. Watu husema "fulani amekata utumbo", lakini katika aina inayofanywa zaidi siku hizi kinachokatwa ni tumbo lenyewe: robo tatu au zaidi huondolewa, ukabaki mrija mwembamba. Aina nyingine ni ya mchepuko. Huachwa kijifuko cha kama mililita 30 tu, kikaunganishwa na utumbo mwembamba kwa chini, na chakula kikaikwepa duodenamu, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo huo, kama gari linavyoukwepa mji kwa barabara ya mchepuko. Shida ni kwamba duodenamu ndilo soko kuu la chuma na kalsiamu. Nayo B12 huhitaji tindikali ya tumbo ili iachane na nyama au samaki, kisha huhitaji protini maalumu inayotengenezwa kwenye kuta za tumbo ili iifikishe mwisho wa utumbo mwembamba, ndipo ifyonzwe. Ukipunguza tumbo, umepunguza pia wapagazi wa mzigo huo.

Kwa sababu hiyo miongozo ya madaktari wa fani hii huelekeza damu ipimwe kabla ya upasuaji, kisha takriban mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na baada ya hapo kila mwaka, maisha yote. Wengi hufika miezi ya mwanzo, kisha huacha. Wanajisikia vizuri, na waliopasuliwa nje ya nchi, kama India, wako mbali na daktari wao. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa upungufu mwingine haufiki upesi. Akiba ya B12 kwenye ini yaweza kumvusha mtu miaka miwili au mitatu kabla ganzi ya miguu haijabisha hodi.

Kila mama wa Afrika Mashariki anaijua kadi ya kliniki ya mtoto. Muuguzi akishampima mtoto, hutia nukta kwenye kadi na kuiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Uzito wa leo peke yake haumwambii mengi. Anachokiangalia ni mstari, kama unapanda, umelala au unashuka. Hekima hiyohiyo ndiyo anayoihitaji mtu mzima aliyepunguzwa tumbo.

Tumchukue mama wa miaka 38, wa mfano tu. Kabla ya upasuaji hemoglobini yake ni 13.2 g/dL na ferritini, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma, ni 84 ng/mL. Mwezi wa sita: 12.9 na 52. Mwaka mmoja: 12.6 na 31. Miaka miwili: 12.2 na 17. Karatasi ya maabara yake inasema hemoglobini ya mwanamke ni 12 hadi 16, na ferritini 13 hadi 150. Kwa hiyo mara zote nne hakuna alama ya nyota wala herufi nyekundu, na mara zote nne anaambiwa, "Majibu yako yako sawa, mama." Sasa andika ferritini hizo kwa kufuatana: 84, 52, 31, 17. Karibu sehemu nne kati ya tano za kipimo chake zimeondoka, na bado anapata hedhi kila mwezi. Wataalamu wengi huhesabu ferritini iliyo chini ya 30 kuwa dalili ya ghala lililokauka. Mama huyu hajaugua, lakini yuko njiani. Kwenye dirisha la maabara hakuna atakayemwambia hivyo, kwa sababu anayesoma karatasi ya leo hana karatasi za jana.

Tukumbuke pia kiwango hicho cha kawaida kinatoka wapi. Maabara au kiwanda cha vipimo hupima watu wengi wenye afya, kisha huchukua 95 wa katikati kati ya kila 100. Basi namba iliyotoka nje kidogo mara moja si lazima iwe ugonjwa. Ukipimwa vitu ishirini, kimoja chaweza kutoka nje kwa bahati tu. Vilevile, namba iliyo ndani si lazima iwe salama kwako.

Kuna namba zinazoficha. Kwenye picha kamili ya damu kuna MCV, wastani wa ukubwa wa seli nyekundu. Chuma kikipungua, seli huwa ndogo. B12 ikipungua, huwa kubwa. Vikipungua vyote viwili, jambo linalowezekana kabisa kwa mgonjwa wetu, wastani huweza kuonekana wa kawaida. Ni kama kumwaga dagaa na sangara kwenye kapu moja, ukapiga wastani, ukaambiwa kapu lina samaki wa kadiri. Vidonge vya asidi ya foliki navyo, ambavyo wanawake wengi hupewa pamoja na vya chuma, vyaweza kurekebisha damu iliyoharibiwa na ukosefu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. Kwa hiyo B12 ipimwe yenyewe.

Kalsiamu ni mfano mwingine. Ikianza kupungua kwenye damu, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni ya parathairoidi, inayoandikwa PTH, nayo huiamuru mifupa itoe kalsiamu yake. Damu inasomeka vizuri kwa sababu mifupa inalipa deni. Ukiona kalsiamu ya kawaida, uliza PTH iko wapi na vitamini D iko wapi. PTH inayopanda mwaka hadi mwaka ni kilio cha mifupa.

Kwa anayebadilisha maabara, mtego mkubwa ni vipimio. Vitamini D huandikwa na maabara moja kwa ng/mL, nyingine kwa nmol/L. Ishirini ya kwanza ni sawasawa na hamsini ya pili. Mtu anaweza kushangilia kwamba amepanda kutoka 20 hadi 50, kumbe hajasogea hata hatua. Sukari nayo: 5.5 za mmol/L ni kama 99 za mg/dL. Namba bila kipimio chake ni kama bei bila sarafu, hujui ni shilingi ya Kenya au ya Tanzania.

Na kuna yanayoichafua namba kabla haijaandikwa. Malaria, homa au maambukizi yoyote hupandisha ferritini, kwa hiyo namba nzuri iliyopatikana ukiwa mgonjwa isikutulize. Shirika la Afya Duniani lenyewe hutumia mpaka wa 15 kwa mtu mzima asiye na maambukizi, na 70 kwa aliye nayo. Kisha kuna vidonge vya nywele. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji nywele hudondoka, na wengi hukimbilia biotini ya dozi kubwa. Biotini huvuruga mashine nyingi za kupima homoni na vitamini: vipimo vingine hutoka juu kuliko ukweli, vingine chini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2017. Mweleze daktari unachomeza, naye atakuambia uache siku ngapi kabla ya kutolewa damu.

Sasa daftari lenyewe. Nunua kaunta buku. Piga mistari: tarehe, jina la maabara, kipimo, namba, kipimio, kiwango kilichochapwa. Acha safu ya mwisho kwa maelezo mafupi: "nilikuwa na mafua", "dawa za chuma ziliniishia wiki tatu", "hedhi nzito". Safu hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari kuliko zote. Ferritini ikishuka, atataka kujua kama vidonge vilimezwa, na vilimezwa na nini. Chuma kilichomezwa pamoja na kalsiamu, au kushushiwa na chai ya rangi, hakifyonzwi vizuri. Viachanishe kwa saa mbili, na chai isubiri.

Daftari hili si la kujitibu. Kuongeza chuma au vitamini A kwa kukisia ni hatari, hasa kwa mwenye ujauzito. Kazi yake ni kukuwezesha kuuliza swali lenye meno: "Daktari, miezi sita iliyopita ferritini ilikuwa 52, sasa ni 31. Tunafanya nini kabla haijafika 15?"

Yapo pia mambo ambayo hayasubiri maabara. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili au tatu tu. Aliyepasuliwa akitapika siku kadhaa mfululizo, akaona vitu viwiliviwili, akayumba au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Atakayempokea aambiwe mapema kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo, ili apewe B1 kabla ya dripu ya sukari, kwani sukari bila B1 yaweza kuuumiza ubongo zaidi.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe au mtu wako amepita katika upasuaji huu, hata kama ni miaka mitano iliyopita na anajisikia mzima, zitafuteni karatasi za zamani kwenye bahasha na mikoba, mzipange kwa tarehe, muanze kuandika. Zilizopotea, ziombeni hospitali. Na kuanzia sasa, usiondoke kwenye dirisha la maabara bila nakala yako mkononi.