Marekani: reli ndogo ya John Allen iliteketea siku 10 baada ya kifo chake

Mjini Monterey, jimbo la California, mpiga picha John Allen alijenga reli nzima ndani ya nyumba yake na kuiita Gorre & Daphetid. Kila kitu kilipunguzwa mara 87: mtu wa urefu wa mita 1,74 huko ana sentimita 2 tu.

Treni zenyewe hazikuwa jambo kubwa, ni mazingira yake. Milima ya plasta ilipanda kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na vioo vilivyofichwa vilifanya chumba kionekane kipana kuliko kilivyokuwa. Wakati wengi katika kazi hii walipenda mabehewa yanayong'aa kama yametoka dukani, Allen aliyapaka yake kutu, masizi na vumbi. Hata nyumba zake za mbao zilionekana zimechakaa kwa mvua na miaka. Ndiyo maana picha zake zinadanganya jicho hadi leo. Utani nao haukukosekana: kuna mahali kazi ya kusukuma mabehewa ilipewa dinosauri aliyeitwa Emma!

Allen alifariki tarehe 6 Januari 1973, kabla ya kuimaliza reli hiyo. Siku 10 baadaye, moto ulizuka na kuteketeza sehemu yake kubwa, kazi ya miaka karibu 20.

Kilichobaki zaidi ni picha alizopiga mwenyewe. Nyingi zilitoka katika jarida la Model Railroader, na mwaka 1981 kitabu cha Linn Westcott kilizikusanya.