Chipu ya Kidijitali Inavyoweza Kukuza Sauti

Katika karakana ya umeme ya chuo kimoja cha ufundi hapa kwetu, wanafunzi watatu waliunda amplifaya ndogo ya maikrofoni kwa kufuata mchoro mmoja. Mbili zilifanya kazi. Ya tatu ilipiga mluzi. Mwenye nayo alichomoa nyaya na kuzirudisha mara nne, akijilaumu, hadi mwalimu aliposoma maandishi yaliyo mgongoni mwa chipu. Mikono yake haikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni herufi moja.

Mchoro wenyewe unashangaza kidogo. Unatumia chipu ya kidijitali, ile iliyoundwa kutambua 0 na 1 pekee, kukuza mawimbi ya sauti yanayopanda na kushuka polepole. Inawezekanaje?

Chipu inayotakiwa ni CD4069UB. Ina miguu 14, na ndani yake mna inveta sita. Si inveta ya sola. Hii ni sakiti ndogo inayopindua tu: ukiipa volti za juu inatoa za chini, ukiipa za chini inatoa za juu. Kila inveta ni transista mbili, moja ikivuta kuelekea upande chanya wa betri na nyingine kuelekea upande hasi.

Kwa kawaida transista moja huwa imefungwa na mwenzake amefunguka. Lakini safari ya kutoka 0 hadi 1 haina mruko. Ina mteremko katikati, mahali ambapo zote mbili zimefunguka kiasi. Hapo, badiliko dogo la volti kwenye mguu wa kuingilia huleta badiliko kubwa kwenye mguu wa kutokea, na amplifaya ni hiyo hiyo.

Kazi iliyobaki ni kuikalisha inveta katikati ya mteremko isiteleze. Rezista moja inatosha. Unganisha rezista ya megaomu 1 kutoka mguu wa 2, unaotoa, hadi mguu wa 1, unaopokea. Volti zinazotoka zikipanda, zinarudi mlangoni na kuzishusha zenyewe, zikishuka, zinajipandisha. Sauti iingie mguu wa 1 kupitia kapasita na rezista ya kiloomu 100. Betri ya volti 9 iwe na chanya kwenye mguu wa 14 na hasi kwenye mguu wa 7.

Kabla ya kuunganisha maikrofoni, pima mguu wa 2 kwa mita. Ukiona karibu volti 4.5, yaani nusu ya betri, inveta imekaa mahali pake. Ukiona 0 au 9, kuna waya uliokosewa.

Kwa hesabu ya rezista hizo mbili, sauti ingekuzwa mara 10. Usitarajie 10 kamili. Inveta moja pekee ina uwezo wa kukuza mara makumi kadhaa, si maelfu kama chipu zilizoundwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo utapata pungufu. Maikrofoni ndogo hutoa milivolti chache tu, na ndiyo maana wanafunzi wale waliunganisha inveta mbili kwa mfuatano, kapasita ikiwa katikati. Miguu ya kuingilia ya inveta zisizotumika iunganishwe na upande hasi wa betri. Ikiachwa ikining'inia hunasa kelele na kumaliza betri bure.

Sasa herufi. Dukani chipu ya 4069 ilikuwa imekwisha, na mwanafunzi wa tatu akauziwa CD4011B. Ukiunganisha pamoja milango yake miwili ya kuingilia inakuwa inveta, kwa hiyo muuzaji hakumdanganya. Tatizo ni kwamba B ikiwa peke yake humaanisha kila kitengo kina hatua kadhaa za transista zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Nguvu ya kukuza inakuwa kubwa mno, na ukirudisha sauti mlangoni kwa rezista, sakiti huanza kujiimbia yenyewe. UB humaanisha hatua ni moja tu. Ukikosa 4069UB, ulizia CD4011UB. Ipo pia 74HCU04, ambayo U yake ina maana hiyo hiyo, lakini mwisho wake ni volti 6. Betri ya 9 itaiua.

Chipu hii haiwezi kusukuma spika. Hutoa miliampea chache, na kwa kuwa transista zake zote mbili zimefunguka muda wote, hula betri kuliko inavyokula katika kazi ya kidijitali. Baada yake weka amplifaya ya spika kama LM386. Ina ukwaruzo kidogo pia, lakini wapo wanaoutafuta: Craig Anderton wa Marekani alitumia chipu ya jamii hii, 4049, kuunda kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa, na kinanda cha Wasp kilichotoka Uingereza mwaka 1978 kilitumia inveta za aina hii kwenye chujio lake la sauti. Ukitumia 4049 angalia miguu upya, kwani chanya yake iko mguu wa 1.

Mluzi wa mwanafunzi wa tatu uliisha alipopata chipu ya UB. Ile ya B haikutupwa. Imo kwenye kopo la vipuri, na mwalimu anasema watakapofika kwenye somo la taa za kumetameta, itakuwa ya kwanza kutolewa.