Ngozi ya Chuma na Oili Yake

Safari hii tumeona tuzungumzie chuma na oili. Zamani misafara iliyotoka pwani, ikishavuka pori la Mgunda Mkali, iliingia Unyamwezi hapa hapa Tura, na mizigo ilikuwa mabegani mwa wapagazi. Reli ikafika Tabora mwaka 1912. Lakini gunia la mkaa na madumu ya maji hayapandi treni, yanapanda baiskeli, na uzito wote ule unakaa juu ya gololi chache ndani ya haba. Zikifa njiani, maji hayafiki nyumbani na mtoto anachelewa chuoni.

Chuma hata king'ae kama kioo, usoni pake pana vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho. Vyuma viwili vikikutana, vilima ndivyo vinavyogusana, vinashikana na kukatika. Ndipo unapotoka msuguano, na ndiko kulika kwenyewe. Kwa hiyo kiwandani koni hutengenezewa ngozi. Hupashwa moto wa karibu nyuzi 900 pamoja na kaboni, kisha hupozwa ghafla. Kaboni hupenya juu juu tu, mara nyingi haifiki hata milimita 1. Nje panakuwa pagumu, ndani panabaki laini kiasi ili koni isipasuke kwenye mashimo.

Sasa wapo wanaochukua koni iliyochimbika wakaisaga kwenye jiwe mpaka ing'ae. Itang'aa kweli, ila ngozi ngumu imebaki kwenye jiwe! Gololi zitachimba ule ulaini kwa muda mfupi. Kwa maoni yetu ni afadhali kununua koni mpya na gololi zake kwa pamoja.

Adui mwingine ni mchanga. Chembe zake nyingi ni ngumu kuliko hata chuma kilichotiwa ugumu. (Kichwa cha treni humwaga mchanga kwenye reli kwa makusudi, magurudumu yasiteleze, pale msuguano unatakiwa.) Ndiyo sababu hatupendi oili chafu ya gari itiwe kwenye baiskeli. Ina masizi na chembe za chuma, na dawa zake zimekwisha nguvu. Kwenye haba tia grisi mpya, nayo itazuia pia vumbi lisiingie. Cheni ifute kwanza, dondosha oili kwenye viungo, kisha futa ya nje, maana hiyo inakamata vumbi tu.

Tumetaja dawa. Oili ya injini si mafuta matupu. Tangu miaka ya 1940 hutiwa dawa yenye zinki na fosforasi. Injini ikipata joto na mgandamizo, dawa hiyo hushikamana na chuma na kujenga utando mwembamba, unene wake kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Utando ndio unaolika badala ya chuma, kisha hujengwa upya. Lakini dawa huchagua ngozi. Chuma cha kawaida huipokea vizuri. Sehemu zilizopakwa kaboni ngumu, kama zilivyo baadhi ya injini za kisasa, huishika kwa udhaifu. Tena dawa fulani za molibdeni, zinazopunguza sana msuguano wa chuma kwa chuma, zimeonekana kuilisha kaboni hiyo haraka. Waundaji hulazimika kuchagua ngozi na oili kwa pamoja.

Kwa bodaboda jambo hili ni la mfukoni kabisa. Klachi za pikipiki nyingi huoga ndani ya oili ile ile ya injini, na klachi inafanya kazi kwa msuguano. Ukitia oili ya gari yenye dawa za utelezi, klachi inaweza kuteleza: injini inalia, pikipiki haipandi mlima. Wajapani waliweka kipimo cha jambo hili mwaka 1998. Kabla ya kulipa geuza chupa, tafuta maandishi JASO MA. Ukikuta MB, hiyo ni ya pikipiki ambazo klachi yake haikai ndani ya oili, rudisha.